Mpaka Haukuwa Zawadi: Masahihisho kwa Malenga Wenzangu

Kosa la kihistoria lililo gumu kuliko yote kuling'oa ni lile lililokwisha kupatiwa vina. Kosa la kitabuni husahihishwa katika chapa ya pili, na kosa la ubaoni hufutwa kwa kifutio. Lakini kosa lililokaa ndani ya ubeti wenye mizani timilifu huimbwa shuleni, hukaririwa majukwaani na kurithishwa watoto, nalo huishi kuliko aliyelitunga. Ndiyo maana makala haya nimeyaelekeza kwa washairi kabla ya wanahistoria.

Ninaandika nikiwa Matongo, wilayani Tarime. Kusini kwetu unapita Mto Mara, uliozaliwa katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ukakata mbuga za Masai Mara na Serengeti, nao unashuka kuelekea Ziwa Viktoria. Kaskazini yetu, si mbali, unapita mpaka wa Kenya na Tanzania. Maji ya mto huo huvuka mpaka bila hati ya kusafiria, na nyumbu nao huvuka kila mwaka wakifuata nyasi na mvua. Wanaohitaji maelezo juu ya mstari ule ni wanadamu peke yao, na maelezo wanayopewa mara nyingi si ya kweli.

Katika miaka yangu ya kufundisha Historia na Kiswahili, shule za sekondari na hata kwa wanachuo wa ualimu, nimekutana na simulizi zile zile juu ya mpaka huu. Zimo katika insha, katika hotuba za mahafali, na katika mashairi ya maadhimisho ya uhuru. Nitazipitia moja baada ya nyingine.

“Mipaka yetu ilichorwa katika Mkutano wa Berlin”

Hili ndilo dai lililoenea kuliko yote, na ukilitafuta katika mashairi yetu utalikuta limevaa picha ile ile: wazungu wamezunguka meza, kisu mkononi, Afrika imelala kama keki.

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalihudhuria. Yaliyojadiliwa yalikuwa biashara katika bonde la Kongo, usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ambayo taifa la Ulaya lilipaswa kuyatimiza likitaka kutwaa sehemu mpya ya pwani ya Afrika. Mkutano ule haukuchora mpaka kati ya Kenya na Tanganyika. Majina hayo yenyewe hayakuwa bado majina ya nchi. Yote mawili yalianza kutumika hivyo rasmi mwaka 1920.

Siku moja baada ya mkutano kufungwa, yaani tarehe 27 Februari 1885, Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, kwa msingi wa mikataba ambayo Peters alikuwa ameikusanya bara miezi michache kabla. Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipinga, kwa kuwa aliihesabu nchi hiyo kuwa iko chini yake. Jibu alilopata lilikuwa manowari za Kijerumani kutia nanga mbele ya kasri lake, Agosti 1885. Hapo ndipo alipolazimika kunyamaza.

Mpaka wenyewe ulitokana na makubaliano ya nchi mbili tu, Uingereza na Ujerumani, yaliyofikiwa kwa kubadilishana barua na kukamilika tarehe 1 Novemba 1886. Kwa hiyo Berlin inahusika, lakini inahusika kama makao ya serikali iliyoandika barua. Ukumbi wa mkutano ulikuwa umekwisha kufungwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Msomaji aweza kuuliza: kuna tofauti gani, iwapo nchi iligawanywa kwa vyovyote? Tofauti ipo. Anayeamini kwamba yote yalimalizika katika chumba kimoja hatauliza Barghash alisema nini. Hatauliza ni akina nani walitia alama kwenye karatasi za Peters, na kama walielezwa maana yake. Picha ya keki ina wakataji na kisu. Watu waliokuwa wakiishi juu ya nchi ile hawamo.

“Malkia alimzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro”

Simulizi hii ni tamu, nami sishangai ikipendwa. Ukiitazama ramani, utaona mstari wetu ukitoka Ziwa Viktoria umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, kisha unapoufikia Kilimanjaro unapinda na kuuacha mlima wote upande wa Tanzania. Watu husema kwamba Malkia Victoria alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro, naye mjukuu wake Kaizari Wilhelm hakuwa na hata mmoja. Siku ya kuzaliwa kwake, bibi akamkatia mmoja.

Hebu tuipime kwa tarehe. Mpaka ulikubaliwa Novemba 1886. Kaizari wa Ujerumani wakati huo alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee aliyezaliwa mwaka 1797, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria kwa namna yoyote. Alimzidi Malkia umri kwa zaidi ya miaka 20. Mjukuu anayetajwa ni Wilhelm wa Pili, aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1859. Mwaka 1886 alikuwa bado kijana wa miaka 27, na mbele yake walikuwapo babu na baba. Alitawazwa Juni 1888. Siku yake ya kuzaliwa nayo ilikuwa Januari, wakati mkataba ni wa Novemba. Tena Malkia hangeweza kutoa milima asiyokuwa nayo: mwaka 1886 Uingereza haikuwa imetangaza himaya juu ya nchi tunayoiita Kenya. Ilifanya hivyo mwaka 1895.

Basi kwa nini mstari umepinda? Jibu limo ndani ya makubaliano yenyewe. Yanataja kwamba mpaka uanzie mdomo wa Mto Umba pwani, ufike Ziwa Jipe, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uzunguke mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha unyooke hadi mahali ambapo ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria unakutana na latitudo ya nyuzi 1 kusini.

Kwa nini Taveta huku na Uchaga kule? Kwa sababu kila upande ulikuwa na karatasi zake. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepata mkataba huko Taveta. Mwaka 1885 Mjerumani Karl Jühlke alipata mkataba na Mangi Rindi wa Moshi. Uingereza ilitaka njia ya Mombasa ibaki mikononi mwake. Ujerumani ilitaka mlima na watu wake. Wakapatana, na kona tunayoiona kwenye ramani ndiyo mapatano hayo.

Mangi Rindi mwenyewe anastahili kuzingatiwa. Mwaka ule ule wa 1885 Seyyid Barghash alimtuma Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi lake, apeleke bendera ya Zanzibar Kilimanjaro, na Rindi akaipokea. Baada ya muda mfupi akatia mkono karatasi ya Jühlke. Tunaweza kumlaumu au kumwelewa. Alikuwa mtawala mwenye mahasimu jirani, akitafuta nguvu kutoka kwa kila mgeni aliyepita. Lolote tutakaloamua, yumo ndani ya historia, ana hesabu zake na ana makosa yake. Katika hadithi ya zawadi Rindi hayupo, Barghash hayupo, Mchaga wala Mtaveta hayupo. Kuna bibi, mjukuu na mlima tu. Wakoloni walitufuta mara moja walipochora. Sisi tunajifuta mara ya pili tunaposimulia hivyo.

“Zanzibar ilibadilishwa kwa kisiwa cha Heligoland”

Hapa nitakwenda haraka. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulihusu mambo mengi. Ujerumani ilipata Heligoland, kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini, na ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, tena ikaachia madai yake huko Witu. Lakini Ujerumani haikuwahi kuimiliki Zanzibar, na mtu habadilishi asicho nacho; kilichoachwa ni madai na upinzani. Ukanda wa pwani ya bara, kwa upande wake, Ujerumani iliupata kutoka kwa Sultani kwa malipo ya marki milioni 4. Mkataba huo wa 1890 ndio pia uliourefusha mpaka wetu kuvuka Ziwa Viktoria kwa kufuata nyuzi 1 kusini.

“Mstari ni mnyoofu, kwa hiyo ulijulikana tangu siku ya kwanza”

Hili ni kosa la jiografia kuliko la siasa. Nyuzi moja ya latitudo ni pembe, na pembe hiyo hupimwa kwa jua na nyota. Juu ya uso wa dunia ni sawa na takribani kilomita 111 kutoka Ikweta. Mtu anaweza kuitaja akiwa London bila kujua kama mahali hapo pana kilima, kijiji au kinamasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1886. Tume ya pamoja ya Waingereza na Wajerumani ilikuja kupima mstari huu ardhini, kutoka ziwani hadi Kilimanjaro, kati ya mwaka 1904 na 1906. Kwa hiyo kwa miaka karibu 20 wazee wetu walilima, walichunga na kuoana juu ya mpaka ambao hakuna aliyeweza kuwaonyesha kwa kidole.

Ulipopimwa, uliwakata Wakurya. Wairege wako pande zote mbili, Wanyabasi vivyo hivyo. Lugha yao ni Kikurya huku na kule. Wapo wanaosema kwamba Wakurya wa Kenya ni kabila jingine “lililohamia” kutoka kwetu, na wa huko wakasema kinyume chake. Wote wanafikiri kana kwamba mpaka ulitangulia na watu wakaufuata.

Kuna kosa jingine limejificha hapo, nalo ni la utawala. Wanafunzi wengi huandika kwamba kila kabila la Tanganyika lilikuwa na chifu wake tangu asili. Wakurya hawakuwa hivyo. Mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo inchama, na mikutano ya hadhara iitwayo ritongo, ambako mtu aliyejua kusema alisikilizwa. Machifu katika sehemu hizi ni cheo kilicholetwa na serikali za kikoloni, zilizohitaji mtu mmoja wa kupokea amri na kukusanya kodi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili za mstari ziliangukia mikononi mwa Mwingereza, lakini si kwa hati moja. Kenya ikawa koloni mwaka 1920. Tanganyika ilikabidhiwa kwa Uingereza chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tofauti hiyo ya hati ilikuja kuwa na uzito: Mwalimu Nyerere aliweza kwenda New York kudai uhuru mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Basi tuwe waangalifu tunapoandika “koloni la Tanganyika” kwa kipindi cha Mwingereza.

Wapenda lugha watayaona matokeo ya hati hizi katika msamiati. Tanganyika iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Kenya chifu yupo hadi leo, ni mtumishi wa serikali mwenye ofisi na mshahara. Mkurya wa Tarime akisema “chifu” anazungumzia ya kale. Binamu yake wa ng'ambo anazungumzia mtu atakayemwona Jumatatu. Huku tuna mkoa na shule ya sekondari, kule wana kaunti na shule ya upili. Hata hivyo Kiswahili chenyewe kilivushwa mpaka mapema. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja.

“Mipaka hii tuliachiwa, sisi hatukuwa na neno”

Hili ndilo kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu linatustarehesha.

Mwezi Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Cairo, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Walipitisha azimio kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru wake. Aliyeliwasilisha azimio hilo alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Somalia na Morocco hazikulikubali, kila moja ikiwa na madai yake ya ardhi. Wengine walilipokea.

Nyerere alizaliwa Butiama, ndani ya mkoa wetu huu wa Mara. Hakuhitaji kusimuliwa kwamba mpaka unakata ukoo. Tena huyu ndiye aliyesema mwaka 1960 kwamba yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika iwapo kungoja huko kutaziwezesha Kenya, Uganda na Tanganyika kuingia uhuru zikiwa shirikisho moja. Aliona kwamba mipaka haina maana, akaona pia kwamba kuigusa mmoja mmoja kungewasha moto ambao hakuna angeuzima. Akachagua kuiheshimu mistari na kujaribu kuipunguzia makali kwa umoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1967. Ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao ukafunguliwa tena mwaka 1983. Huo mlango wa miaka sita ulifungwa na mikono ya Kiafrika.

Mtu aweza kulikubali azimio la Cairo au kulipinga; wanazuoni wangali wakibishana, na ubishi huo ni halali. Lisilo halali ni kuendelea kusema kwamba hatukuwa na neno. Mwaka 1886 hatukuulizwa. Mwaka 1964 tulijibu.

Neno kwa watunzi

Nikitaja azimio hilo, sharti niseme kwamba nchi iliyowakilishwa na Nyerere Cairo iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964. Kila Desemba tunasomewa mashairi yasemayo kwamba Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961. Tanganyika ndiyo iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye Nyerere siku hiyo alikuwa Waziri Mkuu. Urais ulikuja na Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962. Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963, yakafuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kisha Muungano tarehe 26 Aprili 1964. Wala mshairi asisingizie mizani: Ta-nga-nyi-ka ni silabi nne, na Ta-nza-ni-a ni silabi nne. Ukweli na kosa vina uzito ule ule katika mshororo, basi aliyeweka kosa amelichagua.

Wapo wanaosema kwamba hadithi ya Malkia na mjukuu wake ina mvuto ambao barua za kidiplomasia hazina. Siafiki. Nimejaribu kuufunga ukweli huu katika ubeti mmoja, si kwa kujionyesha, bali ili nithibitishe kwamba unafungika:

*Mpaka si wa zawadi, wala mtu hakupawa,*
*Ni barua na miadi, ndizo zilizotugawa,*
*Seyidi akakaidi, manowari zikatuwa,*
*Kairo tukaahidi, mstari kuutambuwa.*

Walio hodari kuliko mimi watautengeneza vizuri zaidi, na ningefurahi kuwasoma. Ninachowaomba ni kitu kimoja: mtunzi anapotaka kuandika juu ya historia, kwanza atafute tarehe, kisha aulize nani hayumo katika simulizi aliyoipokea.

Nalo neno mpaka lina udugu na kitenzi pakana, na pakana hubeba kiambishi cha kutendana. Hakuna apakanaye peke yake. Wairege wa pande zote mbili wamelijua hilo kabla ya tume kufika na vyombo vyake vya kupimia, na kwenye soko la mpakani wangali wakisalimiana kwa lugha ile ile.